Kila asubuhi babangu huniuliza mama yuko wapi

SAA kumi na mbili asubuhi, kabla hata sijavaa viatu, babangu hufungua mlango wa chumba chake, husimama ukumbini na kuniuliza swali lile lile: "Mama yenu yuko wapi?"

Mama yetu alifariki mwaka wa 2011. Babangu ndiye aliyetangulia kutupa udongo kaburini kule Mwatate, sisi watoto tukafuata. Lakini, mpenzi msomaji, ukimwambia hayo leo, atayasikia kwa mara ya kwanza. Atalia kilio cha mtu aliyefiwa sasa hivi, na kesho yake saa kumi na mbili atauliza tena.

Naandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu. Labda nawe una mzazi wa namna hii chumba cha pili, na kila unayemweleza anakwambia umshukuru Mungu kwa kuwa mzee yungali hai. Unashukuru, ndiyo. Lakini ukishashukuru, umjibu nini?

Kwanza nikueleze babangu ni nani. Alikuwa gadi wa treni. Alianza kazi mwaka wa 1970 wakati reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 akaendelea na shirika la Kenya hadi alipostaafu mwaka wa 2004 akiwa na miaka 55. Huenda wewe kijana hujui gadi ni nani. Ni yule aliyekaa behewa la mwisho na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, kipenga mfukoni na taa ya usiku. Treni haiondoki hadi aseme. Na kila kituo sharti aandike kitabuni: imefika saa ngapi, imeondoka saa ngapi, na kama imechelewa, kisa ni nini.

Kwa hivyo kumbukumbu yake ilikuwa ya kuogopwa. Alijua nani alimkopa shilingi ngapi mwaka wa 1983 na aliyekuwepo akiziomba. Sisi tulilelewa katika nyumba za reli pale Makongeni. Mama alikuwa nasi, lakini misimu ya kupanda na kuvuna alirudi Mwatate shambani. Miezi hiyo, treni ya Mombasa iliposimama Voi kabla ya mapambazuko, mama alikuwa pale jukwaani na kikapu chake. Wanaonana dakika chache, kikapu kinapanda, bendera inapepea, treni inakwenda. Ndoa ya watu hao, kwa miaka mingi, ilikuwa ya dakika chache za Voi.

Sasa njoo Jumapili moja ya Agosti 2018. Baba alikuwa ametoka kanisani, ameketi kwenye kochi akisubiri chakula. Ghafla akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakusema kinamuuma. Alisema, "Kichwa kimepasuka." Akatapika. Shingo ikakakamaa, na mwanga wa dirishani ukawa unamchoma macho hadi tukavuta mapazia.

Jirani mwema akaja mbio na aspirini. Nikampa mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha tukampeleka kliniki ya karibu ambako aliandikiwa dawa za malaria tukarudi nyumbani. Jumatatu asubuhi hakuamka sawasawa. Alifumbua macho lakini hakuwemo. Hapo ndipo tulipokimbilia hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya skani, na damu ikaonekana wazi, imetapakaa ubongoni.

Daktari wa upasuaji alitueleza kwa upole. Mshipa mmoja mdogo, upande wa mbele chini ya ubongo, ulikuwa umetuna kama tyubu ya baiskeli inavyotuna mahali palipochakaa. Yawezekana ulikuwa hivyo miaka mingi bila yeye kujua. Kisha ukapasuka. Akauliza kama mzee alikuwa na presha. Alikuwa nayo. Akauliza kama alikuwa akimeza dawa. Tuliporudi nyumbani nikafungua mtoto wa meza nikakuta pakiti tatu hazijaguswa. Alikuwa ameacha kwa sababu alijisikia mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini presha ni maradhi yanayojificha yenyewe. Haimpigii hodi mwenye nyumba.

Daktari aliuliza pia kama tulimpa dawa yoyote. Nilipotaja aspirini alinyamaza kidogo, akasema dawa hiyo huzuia damu kuganda, kwa hivyo mtu asipewe kabla picha haijaonyesha kama kuna mshipa unaovuja. Hakunilaumu. Mimi ningali najilaumu hadi leo. Kwa hiyo, msomaji, maumivu ya kichwa yakimjia mtu kwa kishindo, maumivu ambayo hajawahi kuyaona maishani mwake, usiende dukani kutafuta dawa. Mpeleke siku hiyo hiyo penye mashine ya kupiga picha ya ubongo.

Mshipa ulifungwa kwa kibanio kidogo cha chuma. Wiki tatu alikaa wodi ya wagonjwa mahututi. Gharama sikwambii. NHIF, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na SHA mwezi wa Oktoba 2024, ililipa sehemu. Kilichobaki kilitoka kwa harambee na kwa kiploti nilichokuwa nikijinunulia polepole. Hilo nimeshalisahau.

Aliporudi nyumbani tulisherehekea. Alitembea mwenyewe, alikula vizuri, alituita sote kwa majina. Wageni walikuja wakacheka naye, wakatoka wakisema, "Mzee amepona kabisa!" Mlango ulipofungwa akanigeukia akauliza, "Hao wageni mliosema wanakuja, watafika saa ngapi?"

Huu ndio mtego wa ugonjwa huu. Mgeni wa nusu saa haoni chochote. Aghalabu ndugu walionipigia simu wakiwa mbali walidhani namtia chumvi mzee wa watu.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Ukimwuliza ameshindaje, hakukwambia "sikumbuki". Alikupa hadithi kamili: ametoka Makindu, treni ilichelewa saa mbili kwa sababu ya ndovu relini, dereva alikuwa fulani. Mke wangu alianza kuamini kuwa baba mkwe amekuwa mwongo uzeeni. Daktari alitutoa tongotongo. Alisema ubongo haupendi pengo. Ukikosa kumbukumbu ya leo, huchukua kipande cha zamani ukakibandika hapo, na mwenyewe huamini kwa dhati. Akaongeza kuwa ya kale husalimika mara nyingi ilhali mapya hayashiki, maana sehemu inayotumika kuweka jambo jipya ndiyo iliyoumia, wala si ghala lenyewe. Ndiyo maana babangu hakumbuki chai aliyokunywa sasa hivi, lakini mtajie Nairobi uone: Athi River, Konza, Ulu, Sultan Hamud, Emali, Simba, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Tsavo, Voi, hadi Mazeras na Changamwe na Mombasa yenyewe, harukii hata kimoja.

Na katika ghala hilo mama alikuwa hai.

Dada yangu mkubwa anaishi Mombasa. Ni mtu wa kanisa, na neno lake ndani ya jamaa yetu lina uzito. Aliposikia swali la baba alisema kwa simu: "Mwambie ukweli. Mzazi hadanganywi." Nami nilikubaliana naye kabisa. Nilidhani akiambiwa mara kumi, mara ishirini, mwishowe litamwingia.

Majuma matatu nilimwambia kila asubuhi. "Baba, mama alifariki mwaka wa 2011." Sitakueleza kilio. Nitakueleza maswali yaliyofuata. "Alikufa lini? Mbona hamkuniita? Nilikuwa zamu? Mlimzika bila mimi?" Kila asubuhi nilishtakiwa kwa kumzika mama kwa siri. Ningemwonyesha picha za mazishi, naye amesimama pale na koti lake jeusi, akiitazama sura yake mwenyewe kama ya mtu baki.

Likawapo jambo baya zaidi. Baada ya chai alisahau habari, lakini huzuni haikusahaulika. Alishinda ameinama, hataki kula, na ukimwuliza ana nini anasema hajui. Habari ilitoka, msiba ukabaki ndani bila jina.

Nikachoka. Asubuhi moja, nikichelewa kazini, nikasema, "Ameenda Mwatate kupanda. Atarudi." Uso wake ukafunguka. "Ahaa. Mvua imeanza huko?" Nikasema imeanza. Akanywa chai yake akaimba. Naam, msomaji, nilimdanganya babangu mzazi nikaenda kazini mwepesi kama unyoya. Niliendelea hivyo miezi minne, dada hajui.

Jioni moja ya Machi 2019 msichana wa nyumbani alitoka nje kuanua nguo, na aliporudi baba hakuwepo. Tulizunguka Buruburu yote tukaambulia patupu. Tukaenda kituo cha polisi. Tukapiga simu hospitali. Kuna mahali pengine ambapo hakuna aliyepataja, ingawa sote tulikuwa tukipafikiria. Mvua ilikuwa inanyesha. Saa tano usiku shemeji yangu ndiye aliyesema, "Hivi mmetazama Makongeni?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa nyumba tuliyoihama miaka mingi iliyopita, amefunikwa sweta ya kike. Alikuwa ameifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu yake. Mama wa nyumba hiyo, mtu asiyetujua hata kidogo, alikuwa amempa chai na kukataa kumwachia aondoke. Aliniambia mzee alibisha hodi akaomba sare yake. Alisema anaingia zamu ya usiku, na mke wake anamngoja Voi.

Nilikuwa nimemwambia mama yuko Mwatate. Yeye alijua njia ya kwenda Mwatate.

Ilibidi dada aambiwe, na akiambiwa hilo ajue na uongo wangu. Maneno yaliyopita kati yetu usiku ule sitayaandika yote gazetini. Alisema ukweli ungemliza baba lakini ungemweka nyumbani. Mimi nikamjibu kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kama anaupenda ukweli kiasi hicho aje aamke saa kumi na mbili ausema yeye. Hatukuzungumza kwa wiki sita. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimpigia kisirisiri.

Alikuja mwezi wa Mei, kwa treni mpya, akiwa na jambo jipya. Katika pitapita zake alikuwa amesoma habari za Mmarekani mmoja, Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka wa 1953 akiwa na miaka 27 ili kupunguza kifafa. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu ya jambo jipya. Mtaalamu mmoja, Brenda Milner, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku aliona kama ndiyo mara yake ya kwanza kuifanya, lakini kila siku mkono ulichora vizuri kuliko jana. Mkono ulijifunza ilhali mwenyewe hajui.

"Baba ni gadi," dada alisema. "Mkono wake unajua kuandika safari."

Tukamnunulia daftari gumu na kalamu tukaifunga kwa uzi. Msomaji, hili lilitusaidia kuliko tulivyotarajia. Hatukumfundisha, tulimwekea tu mbele yake naye akaanza. "0610 chai. 0625 dawa ya presha. 0900 jua, nimekaa nje." Ukimwambia ameshameza dawa anabisha, lakini akiona maandishi yake mwenyewe anatulia, kwa kuwa gadi habishani na kitabu cha gadi. Nakusihi jambo moja: aandike mzazi mwenyewe, usimwandikie wewe. Mwandiko wangu aliuona kama wa karani fulani asiyemjua. Vile vile tuliacha kuhamisha vitu vyake. Viatu mahali pamoja, taa ya choo inawaka usiku kucha. Alikuwa akisema hajawahi kufika nyumba hii, huku miguu yake inakwenda chooni moja kwa moja bila kuuliza.

Hapo dada akaona njia. Adhuhuri moja, baba akiwa ametulia, alimketisha akamwambia polepole habari za mama, akamwomba aandike mwenyewe. Baba akaandika: "Mke wangu alifariki 2011. Nilimzika mimi." Akaweka sahihi, kama alivyozoea. Asubuhi iliyofuata alisoma ukurasa ule, akautambua mkono wake. Hakulia. Alifunga daftari akaomba chai. Dada alinitazama, nami nikakiri moyoni kwamba amenishinda.

Siku ya pili ukurasa haukuwepo. Uling'olewa safi penye mshono. Tuliukuta mfukoni mwa koti lake, umekunjwa mara nne. Alipoulizwa hakujua kitu. Dada alimwandikisha tena, na usiku ukang'olewa tena. Alipotaka kumwandikisha mara ya tatu nilimwona akiichukua ile kalamu, akaishika kitambo, akairudisha mezani. "Basi," akasema. "Hataki kiwe kitabuni." Akaenda jikoni, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jibu tulipewa na mtoto. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka 10, alikuwa akifunga kamba za viatu vya shule swali lilipotoka. Mimi nikawa natafuta la kusema. Yeye, bila hata kuinua kichwa, akauliza: "Babu, Bibi alikuwa anakungoja wapi?"

"Voi," babangu akasema, na hapo hapo akaketi. "Alisimama karibu na nguzo ya saa. Leso yake ya njano. Naiona kabla treni haijasimama." Akaendelea: kikapu, ndizi, maboga, taa ya chemli, baridi ya alfajiri, siku mama alipokuja na mtoto mgongoni ili tu baba amwone. Huyo mtoto ni mimi. Sikuwa nimewahi kuambiwa habari hizo. Alizungumza dakika ishirini, akamaliza, akapiga miayo, akaomba chai. Hakuuliza tena siku ile.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Hatusemi amekufa, wala hatusemi yuko safarini. Tunamwuliza habari zake, kwa sababu nadhani anachotaka saa hiyo ni mama, wala si taarifa. Ziko siku hayumo katika hadithi. Hukutazama machoni akasema, "Amekufa, sivyo?" Siku hizo tunamjibu ndiyo, Baba, na mtu mmoja anabaki naye, awe anachelewa kazini au hachelewi. Ni mara chache. Hulia kidogo, halafu hutaka kushikwa mkono.

Usidhani kwamba nyumba yangu sasa ni peponi. Mimi ndiye ninayemwogesha, maana si adabu mke wangu amwogeshe baba mkwe, na ziko jioni ambazo narudi nimechoka hata kumjibu siwezi. Nimewahi kumpigia kelele. Alisahau baada ya dakika tano, mimi sijasahau. Mlango wa nje una komeo la juu, na ndani ya koti lake nimeshona kitambaa chenye namba ya simu yangu. Yule mama wa Makongeni tulikuwa tukimpelekea unga kila Krismasi. Nami napima presha kila mwezi. Nilikutwa nayo. Nameza dawa zangu mbele ya babangu, naye huniandika daftarini.

Wiki iliyopita dada alifika tena kutoka Mombasa. Baba alimwuliza amekuja na gari gani, akaambiwa treni. Hiyo reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 haimwingii akilini hata kidogo; treni kuishia Syokimau, badala ya kuingia mjini, huona ni mzaha. Lakini alisikia jina la Voi.

"Umepita Voi?"

"Nimepita, Baba. Ilisimama."

"Mama yenu ulimwona?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wa dada. Sikusema kitu. Dada alivua viatu taratibu, akaketi karibu naye.

"Baba," akasema, "hebu niambie, ile leso ya njano alikununulia nani nayo kikapu? Au ni wewe uliyemnunulia?"

"Mimi," baba akasema. "Mombasa, pale sokoni. Alisema ni ghali mno." Akacheka, akaanza. Alipomaliza alivuta daftari, akatazama saa ya ukutani, akaandika: "1540 binti amefika. Treni haikuchelewa."